Ali Mazrui: kwa nini kila kambi ilimkasirikia

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari za wakati huu.

Kila jina la Profesa Ali Mazrui, msomi wa siasa kutoka Kenya, linapotajwa, mjadala hugawanyika mapema sana. Upande mmoja husema alikuwa mtetezi wa Uislamu aliyevaa joho la profesa. Upande wa pili husema alikuwa mtu wa Wazungu, aliyeishi Marekani miaka 40 akiwaeleza Waafrika habari zao wenyewe. Nimekaa na kazi zake muda mrefu, na naona pande zote mbili zinakwepa jambo lile lile. Mazrui aligombana na karibu kila kambi kwa sababu alikataa kuiondoa dini kwenye hesabu ya siasa, wakati wasomi wengi wa rika lake waliiona kama masalia yanayosubiri kufutwa na maendeleo. Hiyo ndiyo hoja yangu, na nitaitetea.

Tuanzie Mombasa, maana bila Mombasa mtu huyu haeleweki. Alizaliwa Februari 1933 katika ukoo uliowahi kuutawala mji huo mpaka Sayyid Said alipouangusha mwaka 1837. Baba yake, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, alifikia kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Kabla ya hapo, miaka ya 1930, alitoa magazeti ya Sahifa na Al-Islah, akiwahimiza Waislamu wa pwani wasome, waache mambo ya ushirikina, na wasijisahau mbele ya mkoloni. Yaani mtoto huyu alikulia nyumba ambamo dini, sheria, uandishi na serikali vilikuwa vinakutana kwenye meza ya baba kila siku. Hakuhitaji kwenda Ulaya kuambiwa kwamba dini na siasa vinahusiana.

Baba alifariki 1947, Ali akiwa na miaka 14. Matarajio yalikuwa aende Al-Azhar, Misri, arudi mwanasheria wa Kiislamu. Haikuwa hivyo. Mtihani wake wa sekondari ulikuwa wa daraja la chini na Makerere hakupata nafasi, akaishia karani katika Taasisi ya Elimu ya Waislamu pale Mombasa. Kilichomtoa hapo ni hotuba ya Maulid. Alisimama kumzungumzia Mtume mbele ya hadhira aliyokuwemo gavana wa Kenya, Philip Mitchell. Gavana akavutiwa, na kutoka hapo njia ya ufadhili wa kwenda Uingereza ikaanza kufunguka. Mimi naona hapo ndipo kazi yake yote ilipoanzia: mimbari ya dini ilimfikisha kwenye chuo cha mkoloni, na hakuwahi kujifanya amesahau.

Akamalizia masomo ya awali Huddersfield, akachukua shahada Manchester mwaka 1960, ya uzamili Columbia mwaka 1961, kisha Oxford kwa udaktari. Mwaka 1963 akaenda kufundisha Makerere, chuo kile kile alichokosa nafasi. Mwaka 1965 alikuwa profesa na mkuu wa idara ya sayansi ya siasa, na Oxford ikamtunuku udaktari 1966. Karani wa Mombasa huyo, umri miaka 33.

Nitaendelea. Wenye hoja karibuni.

#2 Mchangiaji

Mkuu, asante kwa uzi. Lakini umeruka jambo. Mwaka 1966 huyu bwana aliandika makala kwenye jarida la Transition pale Kampala akimwita Kwame Nkrumah, rais wa kwanza wa Ghana, mfalme wa aina ya tsar wa Urusi aliyevaa nguo za Lenin. Nkrumah alikuwa ameshapinduliwa na hana pa kujitetea. Hapo dini iko wapi? Naona msomi aliyetafuta sifa kwa wakubwa.

#3 Mleta uzi

Mkuu, swali lako ni la msingi. Makala ile iliwaumiza watu wengi na bado inauma. Lakini isome mpaka mwisho. Mazrui hakusema Nkrumah alikuwa bure. Alimgawa mara tatu: kama kiongozi wa Gold Coast (Ghana kabla ya uhuru) aliyeleta uhuru, mkubwa. Kama Mwafrika aliyeiweka hai ndoto ya umoja wa bara, mkubwa. Kama mtawala wa Ghana baada ya uhuru, alipungukiwa. Hukumu hiyo naiona ya haki hata leo.

Na dini imo. Alichokiona kwa Nkrumah ni utawala uliotaka utukufu wa kifalme, jina la Osagyefo (Mkombozi), sanamu, nyimbo za sifa, huku ukisema ni ujamaa wa kisayansi. Mazrui alikuwa anauliza kwa nini viongozi waliosema wameachana na mila na ibada walizirudisha kupitia mlango wa chama. Wasomi wa kushoto hawakulipenda swali hilo, kwao siasa ilikuwa ni tabaka na uchumi. Ndiyo maana Walter Rodney, mwanahistoria wa kushoto kutoka Guyana, alipokwenda kujadiliana naye pale Makerere walipishana kabisa. Rodney alianza na unyonyaji, Mazrui akaanza na utamaduni. Nikiwa mkweli, kwenye suala la uchumi Rodney alikuwa na nguvu zaidi. Mazrui hakuwahi kuwa mtu wa takwimu wala wa kuchambua nani anamiliki nini.

Mwaka uliofuata, 1967, akaigeukia Tanzania. Alibuni neno Tanzaphilia, akimaanisha ule mahaba wa wasomi wa Magharibi kwa Tanzania ya Mwalimu, ambao uliwafanya wasione kasoro. Na bado alimheshimu sana Nyerere kama mwenye fikra. Hiyo ndiyo tabia yake: anasifu na kukosoa katika pumzi moja, na mtu husikia ile nusu inayomuuma.

#4 Mchangiaji

Na kwa Idi Amin wa Uganda je? Maana kuna watu husema alikaa kimya.

#5 Mleta uzi

Alibaki Makerere miaka miwili baada ya mapinduzi ya Januari 1971, akaondoka 1973. Aliandika kuhusu utawala wa wanajeshi wasio na elimu, akawapa jina la lumpen-militariat. Wapo waliomlaumu kwamba kwa kumweleza Amin kupitia historia ya mashujaa wa kivita wa Afrika, alimpa heshima ambayo hakustahili. Lawama hiyo naielewa. Kueleza jambo si kulitetea, lakini kwa familia zilizokuwa zinatafuta maiti za watu wao, maelezo ya namna hiyo yalikuwa baridi mno.

Baada ya hapo Marekani: Chuo Kikuu cha Michigan kuanzia 1974, kisha Binghamton, New York, alikoongoza taasisi ya utamaduni wa dunia kwa miaka mingi. Alifariki Oktoba 2014. Mwaka 1979 BBC ilimpa zile hotuba za Reith, mfululizo wao wa redio wa kila mwaka, na alizitumia kusema jambo lililowashtua hata marafiki zake: kwamba Afrika itafute silaha za nyuklia, kwa sababu wenye nazo hawatakubali kuziteketeza mpaka na wengine wawe nazo. Sikubaliani naye. Ila tazameni jinsi dunia inavyozungumza na nchi zenye bomu na zisizo nalo, halafu muiseme kuwa ni hoja ya kijinga.

#6 Mchangiaji (Mombasa)

Assalaam alaykum wote. Mimi ni wa pwani na nashukuru mtoa mada amemtaja Sheikh Al-Amin, kwani wengi humsahau. Naomba ndugu yangu ufike kwenye ile filamu ya 1986, kwa sababu huko ndiko vita vyenyewe.

#7 Mleta uzi

Wa alaykum salaam. Nafika.

The Africans: A Triple Heritage ilikuwa vipindi tisa, ushirikiano wa BBC na televisheni ya umma ya Marekani, yeye mwenyewe akiwa mwandishi na msimulizi. Hoja ni kwamba Afrika ya leo imejengwa na urithi wa aina tatu: mila na dini za asili, Uislamu, na Magharibi pamoja na Ukristo wake. Leo hoja hiyo tunaiona ya kawaida. Mwaka 1986 ilikuwa kishindo.

Mfuko wa taifa wa Marekani wa masomo ya utamaduni ulikuwa umetoa dola 600,000 kwa mradi huo. Mwenyekiti wake mpya, Lynne Cheney, mke wa Dick Cheney aliyekuja kuwa makamu wa rais, alipovitazama vipindi alisema ni mashambulizi dhidi ya Magharibi, na akaagiza jina la mfuko liondolewe kwenye orodha ya wafadhili. Fikirini hilo. Mwafrika anasimulia ukoloni kwa sauti yake mwenyewe kwenye televisheni yao, na waliolipia wanafuta jina lao.

Hiyo ilikuwa hasira ya mrengo wa kulia wa Marekani. Hasira ya nyumbani Afrika ilikuja kwa sauti ya Wole Soyinka, mwandishi wa Nigeria. Yeye alisema Mazrui ameupa Uislamu nafasi ya mwenyeji huku dini za asili zikionekana kama pambo la nyuma, na kwamba biashara ya watumwa iliyofanywa na Waarabu imepita haraka mno. Mwaka 1991 wakajibizana kwenye kurasa za Transition, lugha ikawa chafu, na wote wawili walijishushia heshima.

#8 Mchangiaji

Samahani mkuu, hapo kwenye utumwa usipite haraka kama alivyopita yeye. Sisi wa Bagamoyo hatuhitaji Soyinka atuambie. Misafara ilikuja kutoka bara mpaka kwetu, watu wakavushwa kwenda Unguja. Soko la Unguja lilifungwa 1873 tu, tena kwa kulazimishwa na Waingereza. Msomi wa ukoo mkubwa wa Kiarabu wa Mombasa anapoliongea hilo kwa sauti ya chini, nina haki ya kuuliza kwa nini.

#9 Mleta uzi

Una haki hiyo, na sitakubishia kwa ajili ya kumlinda mtu. Jibu la Mazrui lilikuwa kwamba mifumo miwili ilitofautiana. Ule wa Atlantiki ulijengwa juu ya rangi, mtoto wa mtumwa akabaki mtumwa milele. Katika ule wa Kiislamu, mtoto wa bwana na mjakazi alizaliwa huru, akaitwa kwa ukoo wa baba. Kama maelezo ya sheria ya ukoo, ni kweli, na ndiyo sababu koo nyingi za pwani, ukoo wake ukiwemo, zina damu ya Kiafrika na ya Kiarabu pamoja. Lakini mjakazi mwenyewe hakuulizwa. Na aliyekufa njiani kati ya Tabora na pwani hakupata nafasi ya kuwa mama wa sharifu. Mizani ile ile aliyomwekea Nkrumah, ya kupima kila upande wa mtu, hakuiweka sawasawa kwenye historia ya pwani. Hapa Soyinka alikuwa na hoja, hata kama aliitia sumu.

Niongeze jambo moja ili picha isiwe ya upande mmoja. Mwaka 1992 Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulimteua kwenye kundi la watu mashuhuri wa kudai fidia ya utumwa, chini ya Moshood Abiola wa Nigeria. Alilifanyia kazi jambo hilo miaka mingi. Alilielekeza Magharibi.

#10 Mchangiaji

Mimi swali langu ni Salman Rushdie, yule mwandishi wa riwaya ya The Satanic Verses ambayo Waislamu wengi waliiona inaitukana dini yao. Profesa wa sayansi ya siasa anawezaje kusimama upande wa waliotaka mwandishi auawe?

#11 Mleta uzi

Hakusimama upande huo. Hili lazima tulinyooshe kwa sababu limerudiwa mno. Alisema wazi hakubaliani na hukumu ya kifo iliyotolewa na Ayatollah Khomeini wa Iran Februari 1989. Kilichowakera watetezi wa Rushdie ni kwamba aliendelea kuongea baada ya kusema hivyo. Hoja yake ilikuwa hii: nchi za Magharibi zina kosa la uhaini, na kwa karne nyingi zimewanyonga wahaini bila kuonekana za kishenzi. Mhaini anaisaliti dola. Kwa Waislamu wengi, umma wa waumini ndio nyumba ya kwanza, kabla ya dola, kwa hiyo walimwona Rushdie kama aliyewasaliti kwa adui. Alitaka msomaji wa London aielewe hasira kwa kuangalia hasira yake mwenyewe pale siri za nchi yake zinapouzwa.

Wasomi wa Magharibi waliona amehalalisha. Baadhi ya Waislamu nao waliona amelegea, kwa kuikataa ile hukumu. Kwangu mimi hii ni kati ya kazi zake bora. Mwenye kutaka kuishi na jirani wa dini nyingine lazima aweze kuueleza uchungu wa jirani bila kuunywa. Ninachokosa kwenye makala yake ni mwandishi mwenyewe. Rushdie aliishi mafichoni miaka, na Mazrui aliandika zaidi juu ya umma kuliko juu ya mtu mmoja aliyekuwa anawindwa.

#12 Mchangiaji

Sawa, lakini mkuu usisahau 1994. Alipendekeza Afrika itawaliwe upya! Hiyo nayo utaitetea?

#13 Mleta uzi

Hapana. Hiyo siitetei.

Ulikuwa mwaka wa Rwanda, Somalia haikuwa na serikali, Liberia inawaka. Mazrui akaandika gazetini kwamba nchi zilizooza zinahitaji ukoloni wa namna ya upole, chini ya usimamizi wa kimataifa ambamo nchi za Afrika zenyewe, na za Asia, zingekuwa wasimamizi. Archie Mafeje wa Afrika Kusini alimjibu kwa ukali usiosahaulika, na alistahili kujibiwa hivyo. Mtoto wa aliyeandika Al-Islah hakupaswa kulitumia neno ukoloni kama dawa, hata akiliwekea asali. Chini yake kulikuwa na wazo alilolianza tangu 1967 la Pax Africana, kwamba Waafrika walinde amani ya Afrika wenyewe. Wazo hilo ni zuri, na majeshi ya Umoja wa Afrika kule Somalia miaka ya baadaye yalikuwa sehemu ya wazo hilo. Kwa nini akalifunika kwa neno baya kiasi kile, mimi naona alipenda mno kushtua. Kipaji chake cha maneno kilimfanya aonekane mwepesi pale alipokuwa na hoja nzito.

#14 Mchangiaji (Mombasa)

Ndugu yangu, na nyumbani? Kwetu hapa mwaka 1992 chama cha IPK (Islamic Party of Kenya) kilinyimwa usajili kwa sababu ni chama cha dini, vijana wakapambana na polisi mitaani. Mazrui alisema maneno ambayo Nairobi haikuyapenda.

#15 Mleta uzi

Kweli kabisa, na hapo ndipo dini na siasa zilipomgusa kwenye mlango wa nyumba yake. Alionya kwamba ukiwafungia watu mlango wa chama, na ardhi na ajira zao zikienda kwa wengine, watatafuta mlango mwingine, na huo mwingine hautakuwa na masharti ya usajili. Serikali ya Moi ilisikia uchochezi. Ukitazama yaliyofuata pwani katika miaka iliyokuja, utajua nani alikuwa anasikiliza vizuri zaidi. Kenya ilimpa heshima rasmi ya chuo mwaka 2003 tu, baada ya Moi kuondoka, Rais Kibaki alipomteua mkuu wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia. Miaka 30 baada ya kuondoka Makerere.

#16 Mchangiaji

Kwa hiyo kwetu Tanzania tunajifunza nini? Maana sisi dini hatuigusi kwenye siasa na tuna amani.

#17 Mleta uzi

Mkuu, hatuigusi hadharani, tunaigusa sana barazani. Sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho kuuliza dini ya mtu, na tangu hapo kila upande una idadi yake unayoiamini. Mwaka 1968 Jumuiya ya Ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki ilipigwa marufuku, BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu Tanzania) ikaundwa, na mpaka leo wazee wanasimulia habari hiyo kwa namna mbili zisizokutana. Tumechagua ukimya, na ukimya umetusaidia kwa kiasi. Lakini ukimya si makubaliano.

Mazrui alipendelea njia nyingine. Mfano aliourudia mara kwa mara ni Senegal. Nchi ambayo zaidi ya watu tisa katika kumi ni Waislamu iliongozwa na Mkatoliki, Léopold Senghor, kuanzia 1960 mpaka alipoachia mwenyewe mwishoni mwa 1980. Hakuna aliyeficha kwamba rais ni Mkatoliki. Masheikh wa tariqa ya Murid walijua, wakamuunga mkono, wakadai na chao. Mazrui akaiita dola ya namna hiyo dola ya maelewano ya dini, na akawauliza Wamarekani kwa nini wao, wenye kujisifu kwa kutenganisha dini na serikali, walikuwa wamemchagua Mkatoliki mmoja tu, Kennedy, katika historia yao yote. Senegal ilisema dini kwa sauti na ikaelewana. Sisi tumepokezana marais Waislamu na Wakristo kwa utaratibu ambao haumo kwenye katiba, na kila mtu anaujua.

Na kuna Kiswahili. Pamoja na Alamin Mazrui, mwanaisimu wa ukoo huo huo, aliandika kwamba Kiswahili kilianza kikiwa na harufu kubwa ya Uislamu, kisha wamisionari kama Krapf, aliyefika Mombasa 1844, wakakitumia kumhubiri Kristo, halafu chama, shule na soko vikakifanya cha wote. Leo Mkristo wa Iringa anamwomba Mungu kwa maneno ya dua, sala, imani, roho na baraka, yote yakiwa na asili ya Kiarabu, wala hajihisi kama ameazima. Hakuna mkutano wa viongozi wa dini uliopanga jambo hilo. Kwangu huu ndio ushahidi wenye nguvu kuliko wote wa ule urithi wa aina tatu, na nasikitika kwamba kwenye televisheni aliupa nafasi ndogo kuliko alivyoupa kwenye vitabu.

Kwa anayetaka kuanza kumsoma: anza na hotuba za Reith, ni fupi. Kisha makala ya Nkrumah, na usiishie katikati. Kisha msome Mafeje akimjibu, kwa sababu Mazrui bila wapinzani wake ni nusu ya Mazrui. Makala ya Rushdie iwe ya mwisho, na ukiimaliza rudi humu uniambie ni wapi ulikasirika.